Gari Lililokataa Asubuhi

Watu wa Kalemie hupenda kuniambia hasira hasara. Wananiambia sokoni, kanisani, hata msibani ambako mtu angetegemea kuachwa apumzike. Nami huwajibu kwamba kwangu hasara ilitangulia, hasira ikaja nyuma yake, na anayetaka niitue hasira anirudishie kwanza hasara. Haya nayaandika nikiwa bado nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo.

Hasira yenyewe ni ya gari. Tuna jipu kuukuu linalotumia mazutu, yale mafuta mazito ya malori. Mlango mmoja unafungwa kwa waya, na kiti cha mbele kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kwa jipu hilo mimi hupeleka ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pamoja na chumvi na sabuni kwenye soko la Bendera, na hurudi na maharage, mahindi na unga wa mihogo. Mume wangu huendesha, mimi hukaa kando yake, na biashara ni yangu. Yeye alikuwa mtu wa reli. Treni zilipoanza kuja kwa kubahatisha, akabaki na mimi na jipu.

Kabla ya jipu nilikuwa mwanamke wa juu ya magunia. Anayeijua barabara yetu anaelewa maana yake. Unalipa nafasi kwenye lori la mtu, unapanda juu ya mzigo, unashika kamba, mengine unamwachia Mungu. Siku moja lori liliinama kwenye shimo, kamba ikakatika, nikaanguka nikavunjika nyonga. Watu walining'olea mlango wa nyumba, wakanilaza juu yake, wakanibeba hadi nyumbani, na mume wangu akatoka nje akanikuta hivyo uani. Nyonga iliunga vibaya. Hadi leo inajua mvua kabla ya mawingu kujua. Niliapa kwamba sitapanda tena juu ya mzigo wa mtu, na jipu ndilo lililonisaidia kushika kiapo hicho. Kwa hiyo mtu akiliita chuma chakavu, ajue kwamba anazungumzia miguu yangu.

Ugonjwa wa jipu ulianza mwanzoni mwa kiangazi, mvua zilipokata na asubuhi zikawa na ule upepo unaomfanya mtu ajifunge vitenge viwili. Tuliondoka mapema, maana Bendera ni mbali na barabara si barabara. Jipu liliwaka vizuri, likavuka mji, likaanza mlima wa kwanza. Katikati ya mlima likakohoa, likapiga kwikwi, likaishiwa nguvu, likazimika. Mume wangu akashuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Mimi nikafungua kapo, kifuniko cha injini.

Juu ya chujio la mazutu kuna pompi ndogo ya mkono. Ni kitufe tu, unakibonyeza kwa kidole gumba ili kivute mafuta kutoka kwenye tangi injini ikikauka. Nilikibonyeza, kikazama, na hakikurudi. Nikakivuta juu kwa kucha, nikabonyeza tena, kikazama tena kana kwamba kuna mtu amekishika kwa chini. Nilibonyeza hadi kidole kikavimba. Wanawake wanaouza mihogo ya kuchoma pale mlimani walinitazama wee, mwishowe mmoja akaniletea kiti.

Jua lilipopanda na bati la gari likapata moto, jipu likawaka lenyewe na kuumaliza mlima kama vile halikuwa na habari. Tulifika Bendera soko likiwa limepungua watu, nikauza ndagala kwa bei ya kuzitupa.

Ikawa hivyo safari baada ya safari, mchana jipu zima, asubuhi jipu maiti. Mume wangu akiliendesha alasiri hapa mjini, kumpeleka jirani hospitali au kuleta makala, ule mkaa wa kupikia, halikumsumbua hata kidogo. Majirani wakaanza kusema kwamba nuksi ninayo mimi, kwa sababu linazimika nikiwa ndani. Jirani mmoja alinishauri niombewe. Nilimuuliza kama tangi lake la choo, lililoziba tangu Pasaka, nalo limeshaombewa.

Tulilipeleka kwa fundi. Fundi wetu ana kiwanja karibu na reli, ana maneno mengi, na ana tabia ya kujibu kabla hujamaliza kuuliza.

"Mama, njo pompi hii," alisema, akimaanisha ndiyo yenye ubovu, kichwa chake kikiwa bado ndani ya kapo. "Imezeeka. Ikisikia baridi, inakaza."

"Inasikia baridi na ngozi gani?" nilimuuliza.

"Mama, weye uza ndagala. Pompi uniachie miye."

Nilimwachia. Akaleta nyingine iliyong'olewa kwenye gari lililokufa, akaipangusa kwa kitambaa na kuiita mpya. Safari iliyofuata jipu likazimika palepale, mbele ya walewale wauza mihogo. Nikarudi kwake. Akasema kumbe hiyo nayo ilikuwa na uzee wake, akaleta ya tatu. Nikamweleza tena habari ya kile kitufe kinachozama na kukataa kurudi. "Njo dalili ya pompi," akasema. Ningemwambia nina homa, angesema ni pompi. Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe nilikuwa nimeinunua mimi.

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na vita vingine. Jikoni huwa naweka bidoni la mawese, dumu zima, kwa sababu sombe, kisamvu chetu, bila mawese ni majani ya mbuzi. Bidoni hilo lilianza kupungua kwa kasi ambayo sikuielewa. Tunaishi watu watatu tu, mimi, mume wangu, na mkwe wangu, mke wa kijana wetu kitinda mimba; kijana mwenyewe yuko Manono anachimba madini. Mkwe ndiye anayepika. Nikamuuliza anayapeleka wapi mafuta yangu.

"Mama, miye napimaka na kijiko," alisema.

"Kijiko gani, cha kujengea nyumba?"

Nikachora mstari wa makala kwenye bidoni, pale mafuta yalipofikia. Keshokutwa yake mafuta yalikuwa chini ya mstari, na sisi tulikuwa tumekula maharage ya chumvi tu. Nikasema maneno mengi wakati wa chakula. Mkwe akalia kimya akiwa ameinamia sahani. Mume wangu akaendelea kumega bukari, ule ugali wetu, taratibu.

"Mama, acha mutoto," alisema. "Mafuta ni kitu ya kuisha."

Kucha zake zilikuwa na rangi ya mawese. Niliziona, nikafikiri ni sombe ya juzi.

Sasa kuna mtu mwingine lazima nimtaje, na nikimtaja shinikizo langu la damu linapanda. Mtaani kwetu kuna mfanyabiashara mwenye malori. Alilitaka jipu letu muda mrefu, si kwa kuliendesha bali kwa gia na ekseli zake, maana vyuma vya zamani ni vigumu na watu wanavitafuta. Kila tulipokwama mlimani, ni kama harufu ilimfikia. Lori lake moja lingetokea kutuvuta, naye angeshuka kutoka kabini na kulipigapiga jipu ubavuni kama anayenunua mbuzi.

"Mama, hii gari imekufa," angesema. "Unaizika lini? Miye niko tayari kubeba jeneza."

Siku moja alisema hivyo nikiwa nimebonyeza kile kitufe tangu alfajiri, nyonga ikiniwaka moto, ndagala zikiwa nyuma na soko likiwa mbele. Damu ilinichemka. Nikamjibu mbele ya dereva wake, mbele ya wauza mihogo, mbele ya kila aliyekuwepo.

"Safari yangu ingine ya Bendera, panda pamoja na sisi," nilimwambia. "Ikizimika mu mulima huu, uichukue hapahapa. Miye nitapanda juu ya magunia yako."

"Watu wamesikia," akasema, akitabasamu.

Watu walikuwa wamesikia kweli, na kwetu neno lililosemwa mbele ya wauzaji wa barabarani haliwezi kurudishwa mdomoni, kwa kuwa kabla ya jua kuzama linakuwa limefika hadi Kabalo. Nikageuka kumtazama mume wangu ili anitie moyo. Alikuwa anatazama chini, anahamisha jiwe kwa mguu.

Nilirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza nikaanza kufikiri badala ya kupiga kelele. Mkwe wangu alikuwa amekaa uani anakunywa juisi ya maembe kwa mrija. Nyuzi za embe zikaziba mrija. Akavuta, mashavu yakaingia ndani, akavuta zaidi, mashavu yakakwama ndani. Nikamtazama. Mashavu yake hayakuwa na ubovu wowote. Na kile kitufe cha kwenye chujio, kinachozama bila kurudi, kilikuwa kinafanya vilevile. Kinavuta, na huko chini kuna kitu kinakataa kutoa. Kwa hiyo pompi ilikuwa nzima. Pompi zote tatu zilikuwa nzima. Nikasimama nikaenda kwa fundi na kumwambia sitaki pompi, nataka mpira.

Nilinunua bidoni jipya ambalo halijawahi kubeba kitu, nikanunua mazutu safi mbele ya macho yangu, nikamwamuru fundi atenge tangi la gari kabisa. Bidoni tulilifunga juu ya paa, mpira ukateremka kutoka humo moja kwa moja hadi kwenye chujio na pompi. Kama ubovu ni wa pompi, gari litazimika. Kama ubovu ni wa tangi, litapanda. Hata mtoto angeelewa.

Fundi alinung'unika. Aliyenishangaza ni mume wangu, kwa kuwa naye hakutaka.

"Haiko vizuri, Mama," alisema. "Mazutu juu ya kichwa ya watu, ni hatari."

"Hatari ni kupoteza gari," nilimwambia. "Washa."

Hatukwenda kwenye mlima wa barabara ya Bendera. Tulitumia kilima cha hapa mjini, kwenye nyumba za zamani zinazotazama ziwa, ambapo siku hizo jipu lilikuwa limeanza kuzimika pia. Ilikuwa asubuhi yenye baridi kali. Jipu lilipanda hadi juu bila kukohoa, tukageuza, likapanda tena. Mimi nilipiga kelele za furaha dirishani. Fundi akasema labda baridi ya leo si kama baridi ya jana. Mume wangu alishika usukani kwa mikono miwili na uso wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Niliagiza tangi lishushwe siku ileile, uani kwangu, nikiwa nimesimama hapo. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba wanaume wa kanisa wana kikao. Akavaa kofia akaondoka.

Fundi alilishusha tangi, akamwaga mazutu yaliyokuwemo, akatoa mpira wa kunyonyea ambao mwishoni mwake kuna chujio dogo la waya. Chujio hilo halikuonekana. Lilikuwa limefunikwa na kitu kizito cha rangi ya machungwa, laini kama sabuni iliyolowa. Na kwenye sakafu ya tangi kulikuwa na tabaka lake. Fundi akakitia kidole.

"Uchafu wa mazutu," akasema. "Hata mu chujio ya juu niliiona kidogo, nikapangusa."

Aliona, akapangusa, na akaniuzia pompi mbili. Nilikuwa natafuta kitu cha kumpiga nacho wakati mkwe wangu alipotoka jikoni na ungo wa unga, akainama, akanusa.

"Mama," alisema polepole. "Haya njo mafuta yetu."

Nikachukua kidonge cha ule uchafu nikakisugua kati ya vidole. Joto la mkono likakiyeyusha, na harufu ikatoka. Ilikuwa harufu ya sufuria yangu. Kila mwanamke wa huku anajua kwamba asubuhi za kiangazi mawese huganda kwenye bidoni hadi uyaweke juani ndipo yamiminike. Jua likipanda, yanalainika. Ndiyo maana jipu lilikuwa linakufa asubuhi na kufufuka mchana. Miezi mizima nilikuwa na jibu jikoni, nalichorea mistari ya makala.

Nikakaa kwenye kiti cha uani, nikamsubiri mwanamume wangu.

Alirudi kofia ikiwa mkononi. Akaona tangi limelazwa juu ya matofali na lile chujio kwenye gunia. Hakuuliza kimetokea nini, na kutouliza kwake kulinitosha.

"Hii ni nini?" nilimuuliza.

"Mawese."

"Yametoka wapi?"

"Ku jikoni."

"Nani aliyatia mu tangi?"

"Njo miye, Mama." Akaiweka kofia juu ya tofali. "Pompi ilikuwa inakauka. Mazutu ya siku hizi haina unono, iko kama maji. Nilikuwa naipatia kidogo, iteleze."

Sitaandika yote niliyosema. Majirani waliyasikia na wengine wanayakumbuka kuliko mimi. Nilimwambia kwamba kikulacho kimo nguoni mwako, na mimi nguo yangu ilikuwa inanilia hadi sombe. Nilimwambia amemfanya mtoto wa watu alie juu ya sahani kwa wizi ambao hakuufanya, na yeye amekaa hapo anamega bukari. Nilimwambia amemtajirisha mjinga wa kule kwenye reli. Mkwe wangu alisimama mlangoni na kukunja mikono, na ninadhani ilikuwa siku yake nzuri kuliko zote tangu aolewe kwetu.

Lazima nieleze jambo moja, si kwa kumtetea. Wakati wa vita ziwa lilifungwa, na mazutu kutoka Kigoma hayakuvuka. Wenye magari walitia mawese kwenye matangi, ndivyo walivyoendelea kutembea. Mume wangu alikuwa stadi wa kazi hiyo. Aliyachemsha kwenye mbabula, lile jiko la makala, hadi yakawa mepesi kama chai, akayachuja kwa kitambaa, akayachanganya na kidogo alichokuwa nacho, akamimina yakiwa ya moto na kuwasha papo hapo. Kitinda mimba wetu alipokataa kuzaliwa, jipu hili ndilo lililonifikisha hospitali, na ndani yake mlikuwa na mawese. Mtoto alitoka mzima. Tangu hapo, kwa mume wangu, mawese ni dawa ya gari, kama vile kwa wengine maji ya baraka ni dawa ya kila kitu. Lakini wakati ule aliyachemsha, na ilikuwa majira ya joto. Safari hii aliyachota kwa siri kwa kikombe, nyuma ya nyumba, akayamimina yalivyo, kwenye baridi.

"Juu ya nini ulificha?" nilimuuliza, nikitaka sababu.

"Ungekataa."

"Ningekataa kabisa!"

"Njo vile." Akaokota kofia yake pale kwenye tofali. "Kisha ukasema mbele ya watu, ikizimika utaitoa. Nikaogopa. Nikazidisha. Kila mara ikizimika, nazidisha." Akainua macho akanitazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Sikutaka kukuona tena juu ya ule mulango."

Nilikuwa bado na maneno, tena yaliyo makali kuliko yale ya kwanza. Yalinikwama. Hilo nalo lilinikasirisha, kwa kuwa mtu akikukosea namna ile angalau akuachie haki ya kumalizia matusi yako. Nilikuwa nimesahau mlango ule walionibebea ulikuwa wa rangi gani. Kumbe yeye alikuwa amebaki nao miaka yote.

"Chukua sabuni na maji ya moto," nilimwambia. "Osha tangi. Usipite karibu na jiko langu."

Aliliosha hadi jioni, akalianika juani kesho yake, akalisuuza kwa mazutu. Mkwe wangu nilimwambia kwamba mafuta hakuyala. Akajibu, "Asante, Mama," na usiku akapika sombe yenye mawese mengi hadi yakaelea juu, akaniwekea mbele, akaketi kunitazama. Nilikula yote. Bidoni nililihamishia chini ya kitanda, upande wangu. Fundi nilimpelekea lile chujio kwenye sahani, kama mtu anayepeleka chakula, nikaliweka mbele ya wateja wake. Akalitazama, akakuna kichwa.

"Hata vile, Mama," akasema, "pompi nayo ilikuwa imezeeka."

Asubuhi ya safari yule mwenye malori alikuwa getini kabla hatujafunga mizigo. Alikuwa amevaa koti la sherehe. Baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni, na alilifurahia hilo waziwazi.

"Nimekuja kuchukua gari yangu," alisema.

"Ingia, Papa," nilimwambia.

Tulikaa watatu mbele. Mume wangu kwenye usukani, mimi katikati, yeye kwenye mlango wa waya. Tulipofika chini ya mlima, wauza mihogo wa pale katikati walisimama. Habari ilikuwa imewafikia na walitaka kuona mwisho. Mume wangu akapunguza gia. Jipu likaanza kupanda polepole, ndagala zikiwa nzito nyuma. Nilikuwa nimeshika goti langu kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama. Tukafika pale linapokufa, penye mawe yetu wenyewe tuliyokuwa tunaweka nyuma ya magurudumu. Yule mtu akaweka mkono kwenye waya wa mlango, tayari kushuka na kupokea.

Jipu halikukohoa. Likayapita mawe, likapita kiti changu ambacho yule mama wa mihogo alikuwa bado amekiweka hapo, likafika juu. Nilipiga yowe ambalo sijapiga tangu harusi yangu.

Yule mtu akautoa mkono kwenye waya. Halafu akasema, "Haya. Munirudishe sasa ku muji."

"Sisi tunaenda Bendera, Papa," nilimjibu. "Ulisema utachukua gari. Haukusema utarudishwa."

Alishuka. Lori likaja likiteremka kwenda mjini, limejaa makala, na lilikuwa la kwake mwenyewe. Kabini ilikuwa na wanawake wenye watoto wachanga ambao walikuwa wamelipa nafasi zao, na mmoja wao alimtazama kwa namna ambayo hata yeye aliielewa. Akapanda juu ya magunia na koti lake la sherehe. Nilitoa kichwa dirishani.

"Ushike kamba, Papa! Ushike muzuri!"

Lilipopotea kwenye kona, mume wangu akasema bila kunitazama, "Leo sikutia kitu."

"Lete mkono," nilimwambia.

Akauleta. Nikaushika, nikaunusa kiganja, nikaunusa kucha moja moja, pale juu ya mlima, wauza mihogo wakitutazama kutoka chini. Ulinuka mazutu na sabuni.

Bado sijamsamehe, na watu wanaoniambia hasira hasara nimewaambia waende kwake wakamsaidie kuubeba ule mlango. Lakini kila asubuhi ya safari, kabla hajagusa ufunguo, ananyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu, bila kuambiwa. Nainusa. Halafu namwambia awashe.